Jina Moja Sumu, Jina Jingine Dawa

Mama wa Koboko atwangaye makopa ya muhogo na mwanawe wa kidato cha tano akaririye majina marefu ya kemia wanashughulika na jambo moja. Muhogo mchungu usiotayarishwa vema hutoa sumu iitwayo sianidi. Mwezi wa Septemba 2017, wilayani Kasese, watu 98 waliugua baada ya kula unga wa muhogo, na wawili kati yao wakafariki.

Sumu hiyo hushikamana na chuma kilichomo ndani ya seli za mwili. Hapo mtu huvuta pumzi, lakini mwili wake hauwezi kuitumia hewa aliyoivuta.

Kushikamana kwa namna hiyo, metali ikiwa katikati na wengine wakiizunguka, kulielezwa na Alfred Werner wa Uswisi mwaka 1893, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Kanuni ya majina yake si ngumu: wazungukao hutajwa kwanza pamoja na idadi yao, kisha metali, na mwisho namba ya Kirumi ionyeshayo chaji ya metali hiyo. Basi katika jina potasiamu heksasianofereti(II), “heksa” ni sita, “siano” ni sianidi, na “fereti” ni chuma. Sianidi ya potasiamu huua upesi; lakini hiyo ya pili, kwa kiasi kidogo sana, hutiwa katika chumvi ya mezani katika baadhi ya nchi ili isigande, kwa kuwa chuma kimeikamata sianidi barabara.

Hospitalini iko dawa iitwayo hidroksokobalamini, yenye kobalti katikati. Ikitiwa katika mshipa, huiacha “hidrokso” na kuikamata “siano”. Jina hugeuka likawa sianokobalamini, nayo ni vitamini B12, ambayo hutoka kwa mkojo.

Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba. Akina mama, menyeni muhogo mchungu, mloweke siku tatu au zaidi, mmwage maji yake, kisha muanike juani hadi ukauke kabisa. Njaa isiwaharakishe. Aliyekula muhogo akatapika na kuona kizunguzungu apelekwe hospitali mara moja.

Na mtoto akikariri majina yale marefu, asichekwe. Silabi moja yaweza kutenga sumu na dawa.