Sumu ya Ukungu Katika Mahindi

Hapa Majengo, Embu, mwenye kununua debe la mahindi huyanusa kwanza, kisha huuma punje moja. Desturi hiyo ni njema, lakini haitoshi. Sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini haionekani wala hainuki, nayo huliharibu ini.

Ilianza kuchunguzwa baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa huko Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Mwaka 1973 wataalamu Peers na Linsell, waliopima vyakula vya watu wa Murang'a, walionyesha kwamba palipozidi sumu hiyo ndipo saratani ya ini ilipozidi. Tena mwaka 2004 jirani zetu wa Ukambani, hasa Makueni na Kitui, walipatwa: wagonjwa 317, na katika hao 125 wakafa.

Mama mmoja aliniuliza kama kuyachemsha sana kutafaa. Naliona haya kumjibu kwamba moto wa jikoni hauiondoi, maana gunia lile ndilo lililokuwa chakula chake chote.

Basi, wasomaji, mahindi na yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, ndipo yatiwe ghalani. Yaliyoota ukungu asipewe hata ng'ombe, kwani sumu hupita katika maziwa.