Mashine Imekufa, Siri Zingali Hai



Kwa miaka mingi taka za jiji la Bujumbura zimekuwa zikimwagwa Buterere, na wapo ndugu zetu waliojipatia riziki huko kwa kuchambua chuma, plastiki na shaba. Siku hizi taka za miji hazikosi simu zilizovunjika na kompyuta zilizochakaa. Makala haya yanawahusu wanaozitupa: ofisi, viwanda, matawi yetu, na sisi wenyewe majumbani.

Wengi hudhani faili ikishafutwa imekwisha. Sivyo. Kwa kawaida mashine huondoa jina tu katika orodha yake. Maandishi hubaki ndani ya diski mpaka mengine yaandikwe juu yake. Ni sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo katika daftari na kuziacha kurasa nyingine zote. Mwenye programu ya kurudisha faili huzisoma tena: orodha ya mishahara, nakala za vitambulisho, maneno ya siri. Kwa hayo mwizi aweza kuingia katika barua pepe yako kupitia intaneti, akawaomba jamaa zako fedha kwa jina lako.

Mambo haya yamekwisha kutokea. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua diski kuukuu nchini Ghana, wakakuta ndani yake nyaraka za Northrop Grumman, kampuni ya silaha ya Marekani. Mwaka 2022 Morgan Stanley, benki ya huko huko Marekani, ilitozwa faini ya dola milioni 35, kwa kuwa mashine zake za zamani ziliuzwa zikiwa bado na habari za wateja. Ikiwa matajiri hao walizembea, tawi lenye kompyuta moja halina budi kujihadhari.

Basi tufanye hivi:

Kwanza, kabla ya kuuza au kutupa kompyuta, diski iandikwe upya yote kwa programu ya kazi hiyo. Ikiwa haiwaki tena, itolewe na kuvunjwavunjwa. Isichomwe moto, maana moshi wake una sumu.

Pili, katika simu, ondoa akaunti zako, irudishe katika hali ya kiwandani, kisha toa laini na kadi ya kumbukumbu. Laini iliyosahauliwa huweza kupokea namba za uthibitisho za fedha zako.

Tatu, badili maneno ya siri yaliyotumika katika mashine hiyo.

Tusimtupie lawama mchambuzi wa taka. Yeye hutafuta shaba. Mwenye dhamana ni aliyekusanya majina na mishahara yetu, kisha akayatupa bila kuyafuta. Katika mkutano ujao wa tawi, mwajiri na aulizwe: kompyuta za zamani zilikwenda wapi, na ni nani aliyezisafisha? Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.