Obnoxious na Fidhuli

Miongoni mwa sifa ambazo Waingereza huwapa watu wasiopendeza, iko moja ambayo wanafunzi wetu huifasiri upesi kuwa "mbaya" wakaridhika, nayo ni obnoxious; ilhali mtu aweza kuwa mbaya wa moyo miaka ayami, akaficha uovu wake kwa salamu njema na kauli laini, wala asistahili kuitwa hivyo hata siku moja.

Asili yake ni Kilatini. Katika lugha hiyo noxa ni madhara, na obnoxius alikuwa yule aliyeelekewa na madhara au aliyepaswa na adhabu. Na neno lilipoingia Uingereza, mwishoni mwa karne ya 16, liliingia na maana hiyo hiyo, hata Milton, katika utenzi wake Paradise Lost uliopigwa chapa mwaka 1667, akalitumia kwa mtu ambaye hana budi kufikiwa na mambo duni, si kwa mtu mwenye kuudhi. Walakini ndani ya karne hiyo ya 17 maana ilianza kupinduka, ikivutwa, kwa kadiri wajuzi wa lugha waonavyo, na nduguye noxious, yaani chenye kudhuru, mpaka yule aliyekuwa akidhurika akageuka kuwa ndiye anayewakera wenziwe.

Wala tusiwastaajabie Waingereza, kwani fidhuli wetu naye amesafiri: kwa Waarabu, fuduli ni mtu ajitiaye katika yasiyomhusu, na alipofika pwani akawa mwenye kiburi na ulimi usio na haya.

Hii leo Mwingereza akimwita mtu obnoxious, aghalabu amekusudia kero iliyo dhahiri, ya kuonekana na kusikika: mgeni aliyelewa karamuni, akawakata wenziwe kauli, akajisifu kwa sauti kuu, na alipokonyezwa anyamaze akazidisha. Aliyenuna pembeni asimjibu mtu hayumo, huyo ni surly. Wala hayumo aliyekosa adabu mara moja kwa kutojua. Tena neno ni zito, na kumwambia mtu usoni ni kumtukana. Mimi naona uzito huo watokana na kuwa neno hili halimpimi mtu kwa nia yake bali kwa karaha waipatayo walio karibu naye, na ndiyo sababu harufu nayo, isiyo na nia yoyote, huitwa vivyo hivyo.

Basi mfasiri asitafute neno moja litakalomfaa mahali pote. Harufu na iwe ya kuchukiza. Mtu mzima mwenye majivuno na maneno makali ni fidhuli, au safihi ikiwa matusi yamezidi; na mtoto ajibuye wakubwa kana kwamba ni marika zake, huyo tuna neno lake: mjuvi.