Katiba ilivyopandisha thamani ya kibanja cha mwanamke

Agosti 1988, mama mmoja wa wilayani Muleba, Kagera, aliuza kibanja alichorithi kwa wosia wa baba yake. Alikuwa anazeeka na hakuwa na wa kumtunza. Bei ilikuwa Sh300,000 na mnunuzi hakuwa wa ukoo.

Jamaa yake wa kiume akaenda mahakama ya mwanzo, mauzo yakabatilishwa. Mila za Wahaya zilizoandikwa serikalini mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kutumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini si kuliuza. Mahakama ya wilaya ikatengua. Shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kuwa mila hiyo inapingana na Katiba, ambayo Ibara yake ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Jamaa akapewa miezi sita kukikomboa kibanja, kwa kumrudishia mnunuzi Sh300,000 zake.

Wanasheria hulitaja shauri hili kama ushindi wa haki za binadamu. Mimi, mtu wa uchumi wa kilimo, naliona pia kama shauri la mtaji. Mche wa kahawa huchukua miaka kama mitatu kabla ya kuzaa. Nani atahangaika na samadi na matandazo muda wote huo katika shamba asiloweza kuliuza wala kuliweka rehani? Na mnunuzi akijua muuzaji anaweza kupingwa kesho, atatoa bei ya kutupa (nani angemlaumu?).

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ilibatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi. Tatizo limebaki kwenye mirathi. Mwaka 2005, wajane wawili kutoka Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu kupinga mila za urithi. Mahakama ilikubali kuwa zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ikasema haki zao zilivunjwa. Sheria ya ardhi inamlinda aliye na shamba. Mirathi ndiyo inayoamua nani alipate.

Kwa hiyo wapimaji wakifika kijijini kwenu kuandaa hatimiliki za kimila, mama usiishie kuwachemshia chai. Omba fomu uisome, na kama shamba ni la wote wawili, hakikisha jina lako limeandikwa pamoja na la mumeo kabla hajaweka sahihi.