Nungu Katika Shamba la Futari

Wenye mashamba ya nyumbani huku kwetu Pwani wana wageni wa aina mbili. Wako wa mchana, kama tumbili na kunguru, ambao huiba na huku wawaona, na angalau waweza kuwapigia kelele. Na yuko wa usiku, naye ni nungu, ambaye wengine humwita nungunungu. Huyu humwoni. Asubuhi wakuta muhogo wako umesimama vilevile, majani yake ya kijani, nawe wapita ukimshukuru Mungu. Siku ya tatu majani yananyauka. Ukiushika wang'oka mkononi kama ufito uliochomekwa tu ardhini, kwani chini hakuna kitu. Mihogo yote imekwisha kuliwa.

Wengi humsingizia nguruwe mwitu. Lakini nguruwe akiingia huvuruga kote kama aliyepita na jembe, ilhali nungu ana adabu ya mwizi hodari. Huchimba shimo moja kando ya shina, akala, akaenda zake. Tazama vizuri utaona michirizi ya meno mawili mapana katika vipande alivyoviacha, na ukibahatika utaokota mwiba mmoja wenye mabaka meusi na meupe. Bibi yangu alikuwa na mmoja kama huo ndani ya kikapu chake cha ususi, akiutumia kupasulia njia za nywele.

Kabla ya kusonga mbele, afadhali tuondoe uzushi mmoja. Nungu harushi miiba kama mishale. Akitishwa huisimamisha, akaitikisa ile mifupi ya mkiani ambayo ni mitupu ndani hata ikalia kama kayamba, na adui asipokoma basi humwendea kinyumenyume kwa kasi. Miiba hubaki katika mwili wa aliyemgusa. Ndiyo maana mbwa si dawa yake. Najua kwamba mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa katika sheria yetu, wala sibishani na aliye naye. Nasema tu kwamba mbwa atakayepambana na nungu ndiye atakayerudi na miiba puani, na nungu kesho atakuja tena.

Mnyama huyu ndiye mkubwa kuliko wote wa jamii ya panya barani Afrika, na mzima wake aweza kupata kilo 20 na zaidi. Huishi dume na jike pamoja, katika mashimo au mapango, na ardhi yetu ya mawe ya matumbawe imejaa mapango. Chui, aliyekuwa akimla, ni nani aliyemwona karibu na miji yetu siku hizi? Vichaka vimefyekwa, viwanja vimepimwa, na nungu amebaki na pango lake na mashamba yetu.

Nayaeleza haya kwa sababu ya shangazi yangu wa Takaungu, mjane, ambaye nyuma ya nyumba yake ana kishamba cha hatua 20 kwa 12. Masika ya mwaka 2024 alipanda mihogo 60, matuta ya viazi vitamu na maboga kidogo, akiwa amekwisha kupiga hesabu yake. Muhogo wataka miezi minane na zaidi kukomaa, na Ramadhani ya 1446 ilikuwa iingie mapema Machi 2025. Kwa mtu asiye na mwana wa kumletea kapu la sokoni, mihogo 60 si bustani ya kupumbazia macho. Ni futari ya mwezi mzima, na sahani za kuwapelekea majirani, jambo ambalo yeye hakubali kulikosa.

Mwisho wa Rajab, katika zile siku za giza, mihogo 11 ilinyauka.

Vijana wa mtaani walikuja na shauri lao siku hiyo hiyo, nalo ni sumu. Chukua kiazi, kipasue, tia dawa, kifukie kando ya shimo. Mimi nilikuwapo, na nikapinga mara moja. Sumu haimjui nungu. Yamjua yeyote atakayeitia mdomoni, awe kuku, paka wa jirani, mbuzi aliyekata kamba, au mtoto aliyeokota kiazi akidhani ni bahati. Na nungu mwenyewe hafi pale pale. Huenda akafa pangoni au kichakani, na wale watakaomla mzoga nao wafe. Isitoshe, kiazi chenye sumu kimefukiwa katika ardhi ile ile ambamo mwezi ujao utachimba chakula cha kufuturu!

Shauri la pili lilikuwa la tanzi la waya. Majirani ambao dini yao haiwakatazi humla nungu na huisifu sana nyama yake. Kwetu sisi wanavyuoni wamehitilafiana juu ya kuliwa kwake. Lakini kwa serikali hakuna hitilafu. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kutega tanzi ati kwa kuwa ni nyuma ya nyumba yake.

Shangazi alitusikiliza sote, kisha akajitanda buibui lake akaenda kwa maalim. Mimi nikafuatana naye.

"Maalim," alisema baada ya salamu, "nimesikia darasani kwamba kinacholiwa na mnyama katika shamba la Muislamu ni sadaka yake. Basi je, nimwache anile hata mihogo ya mwisho?"

Maalim alicheka kidogo. Alimwambia kwamba hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na kwamba hiyo mihogo 11 asiihesabu hasara, ameshaandikiwa. Ila kupata thawabu kwa kilicholiwa si amri ya kuacha mlango wazi. Mali ya mtu yalindwa. Nungu si katika wale watano ambao Mtume, rehema na amani zimshukie, aliruhusu wauawe popote, yaani kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Lakini kila chenye kudhuru huzuiwa, na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameweka utaratibu: anza kwa lililo jepesi. Likitosha jepesi, hukuruhusiwa kwenda kwenye zito.

"Umejaribu ukuta, dada yangu?" akauliza.

Hapo ndipo nilipokumbuka neno ambalo vijana wa leo wanalijua kwa maana moja tu. Ukisema kitalu sasa, mtu hufikiri tuta la kuoteshea miche. Lakini wazee wetu waliposema kitalu walikusudia ukuta wa mawe uliozunguka ua au bustani. Ukuta ulikuwa jambo la kawaida mno hata hapakuwa na haja ya kueleza ni wa kazi gani. Baadaye tukaja na nyua za makuti na za miti. Makuti nungu hupita chini yake, na miti huitafuna kwa raha zake, kwani ni mnyama wa kuguguna. Hata mifupa mikavu huibeba akaenda kuiguguna pangoni.

Jirani mmoja mzee, Mgiriama, alitufaa sana kwa jambo moja. Alisema, "Msikeshe bure. Huyo haupendi mwezi. Jengeni sasa wakati usiku ni mweupe, kabla giza halijarudi." Wataalamu waliowafuata nungu usiku nao wameona hivyo, kwamba penye mbalamwezi hupunguza kutoka mahali pa wazi. Basi tukahesabu kama tuhesabuvyo funga za siku nyeupe, za tarehe 13, 14 na 15. Tulianza tarehe 10 Shaaban, na tulijua kwamba ikifika tarehe 18 mwezi utakuwa wachelewa kuchomoza, na baada ya isha patakuwa na giza la saa kadhaa. Hizo ndizo saa zake.

Mawe tuliyapata machimboni, vile vipande vilivyovunjika ambavyo wajenzi hawavitaki, yakaletwa kwa mkokoteni wa punda. Kimo hakikuwa na haja ya kuzidi mapaja ya mtu mzima, kwa kuwa nungu si mpandaji. Kazi iko chini. Pande tatu za kishamba kile ukichimba shubiri moja na nusu wagonga mwamba, nasi tukaupandisha ukuta juu ya mwamba wenyewe, wala hapo hapana wa kuchimba. Upande wa kusini ni mchanga mtupu. Hapo tulitia waya mnene wa matundu madogo (ule mwembamba wa banda la kuku haufai), tukaukunja chini uelekee nje kama pindo la rinda, tukaufukia na kuulaza mawe juu. Nungu huanza kuchimba pale pale penye kizuizi, na akichimba hapo hukuta waya, wala hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili.

Lango lilichelewa. Usiku wa tarehe 17 aliingia hapo tukapoteza mihogo minne. Kesho yake seremala akaleta mlango wa ubao uliopigwa bati chini, na kizingiti cha jiwe.

Ramadhani iliingia na mihogo 45. Matuta mawili ya viazi yalikuwa yamebaki nje ya ukuta, nikataka kuyavuna mapema, shangazi akakataa.

"Yaache, mwanangu. Haya nampa mwenyewe."

Yakaliwa yote kabla ya kumi la kati. Ndani hakuguswa hata muhogo mmoja, na muhogo wa nazi ulifika nyumba saba, ya maalim na ya yule mzee zikiwamo. Upande wa kusini ndio ulionitia wasiwasi, kwani hewa ya chumvi hula waya upesi, nikamwambia kwamba pindo lile litahitaji kufukuliwa na kutazamwa kila kabla ya masika.