Suruali Tatu za Kuanzia Kazi

Kijana wa Bweri, hapa Musoma, akishapata barua ya ajira, iwe ya halmashauri, ya shule, ya benki au ya ofisi ya mikopo, wazo la kwanza huwa ni suti. Ningemshauri aiache kwanza. Suti ataivaa siku ya kuripoti na siku ya harusi ya binamu yake. Suruali ataivaa siku tano za wiki, na ndiyo itakayovumilia kiti cha ofisi, bodaboda, vumbi la njia za kuelekea stendi na joto la saa nane mchana. Tena mshahara wa kwanza una kawaida ya kuchelewa, kwa hiyo fedha za nguo za kuanzia kazi mara nyingi ni za kukopa kwa kaka au zimetokana na mbuzi aliyeuzwa nyumbani. Fedha ya namna hiyo inastahili kupigiwa hesabu.

Suruali tatu zinatosha kuanzia: mbili za kitambaa, moja ya kijivu kilichokolea na nyingine ya bluu iliyokolea, halafu kadeti moja ya kaki. Nyeusi naiweka pembeni kwa makusudi. Vumbi huonekana juu yake kuliko rangi nyingine yoyote, na nyeusi ya bei ndogo huwahi kuchuja. Kijivu kinaficha vumbi na kinakubaliana na karibu kila shati ulilo nalo. Jinzi haimo kabisa. Waraka wa mavazi ya watumishi wa umma wa mwaka 2007 uliikataa, na ofisi nyingi za watu binafsi zinafuata utaratibu huohuo.

Kuna njia tatu za kuzipata: mitumba, suruali mpya za dukani, na fundi cherehani. Watu huzilinganisha kwa bei ya siku ya kununua, na hapo ndipo wanapopunjika. Kabla ya kwenda kokote, tafuta fundi. Uliza mtu ambaye suruali yake inakaa vizuri ameshonewa wapi, kwa sababu njia zote tatu zitakufikisha kwa fundi: mtumba utapunguzwa kiuno, ya dukani itakatwa pindo, ya kushona ni yake tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiwa na fundi mzuri unaweza kununua kwa ujasiri nguo ambayo mwingine angeiacha.

Nianze na mitumba, kwa kuwa ndiko kilikojificha kitambaa bora kuliko chote, na wengi wanaipita bila kujua. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za kibiashara za AGOA, na Rwanda ndiyo iliyoshikilia msimamo wake hadi nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo mwaka 2018. Kwetu mabelo yameendelea kushushwa, mjini Musoma na kwenye minada ya Bunda na Butiama, na ndani ya mabelo hayo zimo suruali za sufu nyepesi zilizowahi kuvaliwa maofisini Ulaya. Usiogope neno sufu kwa sababu ya joto letu. Sufu nyepesi hupitisha hewa kuliko poliesta, na ukiitundika usiku, asubuhi mikunjo mingi inakuwa imejinyoosha yenyewe. Dukani, kitambaa cha aina hiyo kikiwa kipya, huwezi kukifikia kwa mshahara wa kuanzia.

Lakini mtumba hauchaguliwi ukiwa umening'inia kwenye kamba. Igeuze suruali, ndani iwe nje. Soma lebo kwanza: uone ni sufu kiasi gani, poliesta kiasi gani. Kisha fuata mshono wa nyuma, ule unaoshuka kutoka kiunoni hadi makalioni. Suruali iliyoshonwa kwa heshima huachiwa kitambaa cha akiba pale, hata sentimita tatu kila upande, na akiba hiyo ndiyo itakayomwezesha fundi kuitanua siku ukinenepa. Ingiza mkono ndani ya msamba, uinyanyue suruali juani. Mwanga ukipenya kama kwenye chujio la chai, irudishe hata kama muuzaji anakupunguzia bei, maana wiki mbili za bodaboda zitaimaliza. Angalia makalio: yanayong'aa yamesagwa na kiti na pasi, na mng'ao huo hautoki kwa sabuni yoyote. Fungua na kufunga zipu mara kadhaa. Malizia kwa pindo la mguu, uone kama lina kitambaa cha kurefushia, hasa ukiwa mrefu.

Kosa kubwa kwenye mitumba ni kuchagua kwa kiuno. Kiuno kinapunguzwa, mguu unabanwa, urefu unakatwa, na yote hayo ni kazi ndogo kwa fundi. Makalio, mapaja, na umbali wa kutoka kiunoni hadi msambani ndivyo vinavyosumbua, na kuvirekebisha kunaweza kugharimu kuliko suruali yenyewe. Kwa hiyo chagua inayokaa vizuri makalioni na mapajani, kiuno mwachie fundi. Kuna mpaka, hata hivyo. Kiuno kikizidi kwa zaidi ya inchi mbili, ukikipunguza mifuko ya nyuma inasogeleana, na kila anayekutazama kwa nyuma anajua suruali ilikuwa ya mtu mwingine.

Suruali mpya za dukani sina mengi ya kuzisifia kwa upande wa kitambaa. Nyingi ni poliesta nyembamba, na nyingi zimekatwa kwa mtindo wa modo, mguu umebana hadi kifundoni. Zinapendeza ukiwa umesimama mbele ya kioo. Ukipanda bodaboda, au ukiinama kuokota faili, mshono wa msamba unalia. Ukilazimika kununua dukani, usitoke kwenye chumba cha kujaribia kabla hujakaa, kuchuchumaa na kunyanyua goti kama unayepanda pikipiki. Muuzaji akishangaa, mwache ashangae. Mahali ambapo duka linashinda ni kwenye kadeti. Pamba yenye mvutiko kidogo ina raha, haidai mstari wa pasi, na kadeti mpya haijafubaa magotini kama zilivyo kadeti nyingi za mtumba. Ile ya tatu basi inunue dukani, na ukubali kulipa zaidi kidogo upate nzito.

Fundi ndiye njia ninayoipenda kuliko zote, na sababu moja haina uhusiano na mwili wako. Bunda wanalima pamba, Musoma kulijengwa kiwanda cha nguo cha Mutex, na bado kijana wa Bweri anavaa kitambaa kutoka nje, kwa sababu sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa marobota kabla haijawa uzi. Inaniuma. Katika suruali nzima ya kazi, fedha ambayo unaweza kuwa na hakika inabaki hapahapa mtaani ni ya mkono wa fundi.

Kitambaa nunua mwenyewe, usimwachie. Chenye upana wa mita moja na nusu, mita moja na robo inamtosha mtu wa kimo cha kawaida, na mrefu aongeze kidogo. Kikunje ndani ya ngumi, uhesabu hadi kumi, uachie. Kikibaki na mikunjo mikali, utakaa ofisini ukionekana umelala nacho. Kikirudi mara moja kikiwa laini na cha kuteleza, huenda ni poliesta tupu, na saa nane mchana kitakugandia mapajani. Unachotafuta ni kile kinachorudi polepole na chenye uzito kidogo mkononi. Mchanganyiko wa poliesta na viskosi huwa hivyo, nao hauogopi maji ya kila wiki. Ukichagua cha pamba, kiloweke na kukianika kabla ya kukipeleka, la sivyo kitaruka juu ya kifundo baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Siku ya kupimwa vaa viatu vya kazini, maana urefu wa suruali unaamuliwa na kisigino. Mwombe fundi apime paja ukiwa umekaa. Mwambie aache akiba ya inchi moja na nusu kwenye mshono wa nyuma, aweke bitana msambani kwa ndani, apitishe mshono wa msamba mara mbili, na mifuko aikate kwa kitambaa kigumu, kwa kuwa simu na funguo hutoboa mifuko kabla suruali haijachakaa. Mifuko ya pembeni isipige mdomo unaposimama. Ikifunguka, makalio yanabana. Lipa nusu, nusu nyingine baada ya kuijaribu mbele yake. Na kama unaripoti Jumatatu, usikubali kuambiwa uifuate Jumamosi jioni. Taja Jumatano, ibaki nafasi ya kurekebisha.

Sasa fedha. Tuchukue bei za mfano, nawe weka za kwako utakazozikuta sokoni. Tuseme mtumba mzuri wa kitambaa ni shilingi 10,000 na fundi anachukua 4,000 kuurekebisha: 14,000. Ya dukani 30,000, pindo 2,000: 32,000. Ya kushona, mita moja na robo kwa 12,000 kila mita ni 15,000, ufundi 18,000: 33,000. Ukiivaa kila moja mara mbili kwa wiki, mwaka mzima ni kama mara 100. Mtumba ulioukagua vizuri ukidumu mwaka, kila uvaapo unagharimu shilingi 140. Ya kushona, yenye msamba ulioimarishwa na akiba ya kutanulia, ikidumu miaka miwili ni shilingi 165. Poliesta ya dukani ikipasuka baada ya mara 80, kila siku imekula 400. Iliyoonekana nafuu kuliko kushona imekuwa ghali zaidi ya mara mbili.

Mtumba unaongoza kwa hesabu hiyo, lakini unadai kitu ambacho mwajiriwa mpya hana kingi: muda wa kupekua. Anayeripoti keshokutwa hana haki ya kutegemea bahati ya belo. Kwa hiyo mgawanyo wangu ni huu: ya kijivu ishonwe, kwa kuwa ndiyo utakayoivaa zaidi, ya bluu iwe mtumba wa sufu, uitafute bila haraka hata kama itachukua mwezi, kadeti itoke dukani. Kwa bei zile za mfano, zote tatu, na kadeti tuihesabu 32,000, ni 79,000. Mwenye laki moja anabakiwa na 21,000 za mkanda wa ngozi na soksi, na viatu vikiwa vizima vinapelekwa kupigwa soli mpya.

Wapo wanaosema Mwanza ni rahisi zaidi, kwamba katika soko la Mlango Mmoja utapata mtumba kwa bei ya kutupa. Mwanza ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Nauli ya kwenda na kurudi, na chakula cha njiani, ni karibu suruali nzima. Safari hiyo ina maana kama una shughuli nyingine huko au mnanunua watu watatu kwa pamoja. Sirari, kule mpakani na Kenya, vivyo hivyo: nenda kama una ndugu Tarime.

Utunzaji ndio unaoamua kama miaka miwili niliyoihesabu itatimia. Usiivae suruali ileile siku mbili mfululizo; kitambaa kilicholoa jasho kinahitaji usiku wa kupumua kwenye hanga. Piga pasi upande wa ndani, na mstari wa mbele uupitie juu ya kitambaa chembamba chenye unyevu. Pasi ya mkaa ni nzuri umeme ukikatika, lakini poliesta haiisamehe: sekunde chache za joto lililozidi na pameshang'aa milele. Ya sufu fua kwa maji baridi na sabuni kidogo, usiikamue kwa kuisokota, uianike kivulini.

Suruali ya nne isubiri mshahara wa tatu. Hapo ndipo ningeingiza Kaunda suti, suruali na koti la kitambaa kimoja, kwa fundi yuleyule ambaye sasa anaujua mwili wako. Bunge la Kenya liliipiga marufuku ukumbini mwezi Novemba 2023. Kwetu bado inaingia kwenye kikao chochote bila tai, mikono mifupi inafaa joto la ziwani, na siku ambazo koti limefuliwa, suruali yake inasimama peke yake na shati jeupe. Nunua kitambaa cha ziada cha robo mita kutoka kwenye jora hilohilo, ukihifadhi. Suruali huchakaa kabla ya koti, na rangi ileile hutaipata tena mwaka ujao.