Siku ya mwisho ya likizo, musizamie

Ndugu wahitimu, tangu wamoja wetu waanze kwenda likizo Zanzibar na Mafia, swali munaloniuliza sana ni la bei. Kwangu, swali la kwanza ni lingine: ukisha kuzamia, unarudi nyumbani lini? Sisi wa Goma na Bukavu tuko watu wa milimani, na hilo linabadilisha hesabu yote.

Congo iko na bahari kule Muanda, lakini mto unamwaga maji matamu na udongo mwingi, na matumbawe yanataka maji ya chumvi, safi, yenye mwangaza. Njo maana watu wanaenda mashariki: Mnemba karibu na Unguja, Pemba, ao Mafia, fasi Tanzania ilianzisha hifadhi yake ya kwanza ya bahari mwaka 1995. Anayeanza anafundishwa siku chache, na cheti cha kwanza kinamruhusu kushuka mpaka mita 18.

Chupa ile ya mgongoni kwa kawaida si oksijeni tupu. Ni hewa yetu hii hii, imeshindiliwa. Karibu sehemu 4 kwa 5 za hewa ni naitrojeni, gesi ambayo mwili hauitumii. Nchi kavu haina neno. Lakini kila mita 10 za bahari zinaongeza uzito kama ule wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa pwani. Kwenye mita 20, mgandamizo ni mara 3, na naitrojeni inaingia kwa wingi katika damu na nyama za mwili.

Angalia chupa ya bia. Ikiwa imefungwa, huoni povu. Ukiondoa kizibo, linapanda. Mwili uko vile vile. Mzamiaji akipanda haraka, mapovu yanatokea ndani: viungo vinauma, miguu inakufa ganzi, na mtu anaweza kupooza. Kwa hiyo munapanda polepole, mita 9 kwa dakika, munasimama dakika 3 kwenye mita 5. Na usizuie pumzi hata mara moja, maana hewa inayopanuka inaweza kupasua mapafu.

Ukitoka majini, kazi haijaisha. Naitrojeni inaendelea kutoka kwa saa nyingi. Ndani ya ndege, hewa inaweza kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400. Shirika la usalama wa wazamiaji, DAN, linashauri kungoja saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 kama ulizamia mara nyingi ao siku kadhaa. Hizo ni za chini kabisa. Basi nalo linapanda: kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni karibu mita 1,700, na Goma yenyewe iko karibu mita 1,500.

Mimi ninaacha siku nzima kabla ya safari, ninatembea Mji Mkongwe na kula pweza. Na kama umefika nyumbani, ukasikia viungo vinauma ao ganzi, usimeze dawa ya malaria na kulala. Nenda hospitali upesi, uombe oksijeni, na neno la kwanza kwa daktari liwe: nilizamia baharini.